Ubao unazama, wimbi linapita, magoti yanagoma: matatizo ya somo la kwanza la mawimbi na tiba zake

Kila msimu wa kusi, mawimbi yanapoingia ghuba ya Malindi, huwa nashika ubao wa watu wanaoanza kujifunza kuteleza juu ya mawimbi. Wengi huomba somo la peke yao, na huomba twende kaskazini ya mji, mahali ambapo asubuhi unakutana na wavuvi wachache na kaa wanaokimbilia mashimoni. Hawataki kuanguka mbele za watu. Nawaelewa. Lakini malalamiko wanayotoka nayo majini ni yale yale, na karibu wote huyamalizia hivi: mimi mzito, umri umenipita, mwili wangu hauna mizani.

Sikubaliani nao. Mara nyingi mno kosa liko kwenye saa ya maji, kwenye ubao, au pale macho yalipokuwa yakitazama. Vyote vitatu hurekebishika asubuhi hiyo hiyo.

Nimepanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea sana inatangulia, na ukaguzi mwepesi unatangulia ule mzito. Palipoandikwa Toka majini, hakuna cha kujaribu tena. Ufuo mtulivu maana yake hakuna mwokoaji, hakuna boti, na simu iko ndani ya mkoba kule juu mchangani. Omo ni mbele ya ubao na tezi ni nyuma, kama kwenye chombo chochote.

## Dalili: Tumefika na hakuna wimbi, au wimbi linapiga ufukweni tu

Saa ya maji. Hii ndiyo sababu kubwa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na kujaa kwenye pwani yetu hupita mita 3. Maji yakijaa kabisa, wimbi halina nafasi ya kuvunjika mapema. Linaumuka pale pale penye mteremko na kujibwaga mchangani kwa kishindo. Yakipwa kabisa, linavunjikia mbali na wewe unatembea maji ya magoti hadi uchoke. Mwanafunzi anataka maji ya katikati, yakiwa yanajaa.

Hesabu yake ni hii. Siku za bamvua, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: hujaa kama saa nne, hupwa kama saa kumi. Kwa hiyo ukichagua siku ya maji mafu, saa moja asubuhi maji yako katikati na yanapanda, upepo wa kusi bado haujaamka, na mikondo ni dhaifu kuliko siku za bamvua. Hiyo ndiyo asubuhi ninayompa mtu wa kwanza. Tazama mwezi: tarehe 8 hadi 10, au 22 hadi 24, kwa hesabu ya Kiislamu. Kila siku inayopita, saa ya maji husogea mbele kwa dakika kama 50. Mvuvi yeyote atakuthibitishia. Muulize kabla ya kulipa.

Mwamba. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya ina mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na nchi kavu. Wimbi humalizika kule nje, na ndani unabaki na maji ya kuogeshea watoto. Ghuba ya Malindi ni tofauti kwa sababu ya mto Sabaki, ule ule unaoitwa Athi na Galana huko juu. Umemwaga tope na mchanga hapa kwa karne nyingi, na matumbawe hayastawi penye tope. Wimbi linapita wazi hadi kwenye mchanga. Kusini kidogo, kwenye hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, matumbawe yapo tele, na ndiyo maana pale watu huenda kutazama samaki. Kama somo lako limepangwa ufuo wenye mwamba, mwalimu atataka kukupeleka nje kwa boti. Siku ya kwanza, kataa. Kuanguka juu ya matumbawe si somo la mtu anayeanza.

Msimu. Kusi, kuanzia Mei hadi Septemba hivi, ndiyo yenye mawimbi. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, kuna asubuhi nyingi bahari imelala kama sinia. Hapo hakuna cha kurekebisha; fanya mazoezi ya kupiga mikono na uahirishe mengine.

Toka majini, au usiingie kabisa, ikiwa maji yamegeuka kahawia mazito baada ya mvua na kuna magogo yanaelea. Kaa mbali na mlango wa Sabaki wakati wowote: mto ule una mamba na viboko.

## Dalili: Omo inazama na mimi napinduka kichwa mbele

Hii ndiyo ya kwanza kwa wingi, na ndiyo inayotisha, maana ubao unasimama ghafla na wewe unaendelea.

1. Umelala mbele mno. Kagua kwenye maji matulivu: lala juu ya ubao na utazame omo. Inapaswa kuinuka juu ya maji kiasi cha upana wa vidole vinne. Ikiwa imegusa maji, rudi nyuma kidogo kidogo hadi iinuke. Ukipata mahali pako, weka alama: angalia kidevu au kifua kiko usawa wa chapa gani ya ubao, na ulale hapo kila mara. Wengi hulala mahali tofauti kila wimbi, kisha wanashangaa kwa nini kila wimbi lina tabia yake.

2. Umeinamisha kichwa wimbi linapokushika. Kichwa ni kizito. Kikishuka, kifua kinashuka, na omo inafuata. Wimbi likikugusa nyayo, inua kidevu na kifua, utazame nchi kavu.

3. Wimbi lina ukuta. Kama mawimbi yote yanapinda na kujibwaga kwa mkupuo mmoja, kosa si lako. Subiri maji yabadilike kwa saa moja, au ulifuate lile lililokwisha kuvunjika. Somo la kwanza lote, kwa maoni yangu, ni la povu: wimbi limevunjika, linakuja jeupe, linasukuma kwa upole na halina ukuta wa kukutupa.

Ukianguka, anguka bapa kama mkeka, wala si kwa kichwa wala kwa miguu iliyonyooka. Ukiwa chini ya maji, zungushia mikono kichwani. Ukiibuka, toa mkono kwanza, maana ubao unaweza kuwa unarudi umevutwa na kamba inayoufunga kwenye mguu wako. Na usisimame hata mara moja ubao ukiwa kati yako na wimbi, uweke ubavuni. Wimbi dogo la magotini linaweza kukupiga nao tumboni ukakosa pumzi.

Toka majini ukigonga kichwa, hata ukijisikia mzima. Mtu akitua kwa kichwa kwenye maji mafupi kisha alalamike shingo, au mikono imekufa ganzi, asiinuliwe na kutembezwa. Mshikeni kichwa na mwili vikiwa mstari mmoja, uso nje ya maji, na mpigie 999 au 112.

## Dalili: Napiga mikono kwa nguvu, wimbi linanipita

Ni kinyume cha dalili iliyotangulia, na mara nyingi ni mtu yule yule: aliogopa kuzama, akarudi nyuma kupita kiasi.

Kagua tezi. Ikiwa imezama na omo imeelekea mbinguni, unaburuta maji. Sogea mbele kidogo. Kisha kagua miguu: ikiwa imetanuka huku na huku, inafanya kazi ya nanga. Ibane.

Sababu ya pili ni kuacha mapema. Mwanafunzi huhisi wimbi limemgusa, anafurahi, anaacha kupiga. Piga mara tatu zaidi baada ya kuhisi umeshikwa. Mikono iingie maji kwa kina hadi kiwiko, moja moja. Kupapasa juu juu kunatoa povu tu.

Sababu ya tatu ni ubao mdogo, na hapa nina neno. Kwa mtu mzima anayeanza, ubao ni wa sponji, futi 8 au 9, mpana na mnene. Wapo wanaokodishwa ubao mfupi mgumu kwa sababu ndio uliobaki, au kwa sababu wao wenyewe waliona unapendeza. Ukaguzi ni mwepesi: lala juu yake kwenye maji matulivu. Ukikuelea huku mgongo wako mzima uko juu ya maji, unafaa. Ukizama hadi maji yakupande ubavuni, urudishe. Hakuna zoezi litakaloziba pengo hilo.

## Dalili: Naishia magotini, sisimami

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu huhukumu miili yao bure.

Msimu mmoja alinijia mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, amekwisha kupita miaka 50. Asubuhi nzima alikuwa akifika magotini na kubaki hapo, ameshika kingo za ubao kama anayeshikilia ngazi. Mara ya nane au tisa akatoka akaketi mchangani.

"Mwalimu, magoti haya yamezaa watoto watano. Yamechoka."

"Mama, wimbi lilipokushika ulikuwa ukitazama wapi?"

"Nautazama ubao. Nisije nikakosea pa kuweka mguu."

Nilimwomba leso yake. Ilikuwa nyekundu, yenye maandishi meusi. Nikaitandaza na kuifunga kwenye boriti niliyoichimbia pale mchanga mkavu ulipoanzia, maandishi yakielekea baharini. Nikamwambia, "Mama, kazi yako moja tu. Wimbi likikushika, nisomee jina la leso."

Wimbi la kwanza akaanguka ubavu. La pili akaanguka tena, lakini safari hii kichwa kilikuwa juu. La tatu nilimwona akipandisha kidevu, akikaza macho kama mtu anayesoma ubao wa darasani kutoka dawati la mwisho, mikono ikasukuma, na miguu ikaja yenyewe chini yake. Alisimama ameinama kidogo, mikono imetanuka, na akaanza kupiga kelele: "Siyaoni maneno! Mwalimu, siyaoni maneno!" Alipiga kelele hivyo hadi mapezi yaliyo chini ya ubao yakakwaruza mchanga.

Sasa sababu kwa mpangilio wake:

Macho. Ukitazama miguu, kichwa kinashuka, kiuno kinapanda, na mguu hauna nafasi ya kupita. Tafuta kitu kimoja nchi kavu, mnazi, paa la makuti, leso, na usikiachie.

Mikono imeshika kingo. Viganja vinapaswa kulala bapa juu ya ubao, usawa wa mbavu za chini, kama unapojiinua kitandani ukiwa umelala kifudifudi. Ukishika kingo, ubao unayumba kila unaposukuma.

Mazoezi machache ya nchi kavu. Chora ubao mchangani kwa kidole, na mstari wa katikati. Lala, sukuma, simama, nyayo zote mbili zitue juu ya mstari, magoti yamepinda. Mara 20 bila kuharakisha. Mwalimu anayekupitisha hapa kwa dakika mbili amekudhulumu. Usifanyie zoezi juu ya ubao wenyewe mchangani, mapezi yatavunjika.

Mguu usio wako umetangulia. Simama wima, mtu akusukume kwa upole kutoka nyuma bila kukuonya. Mguu uliotoka kukuzuia usianguke, jaribu huo mbele kwanza. Kamba inafungwa kwenye mguu wa nyuma. Nimeona mtu akihangaika saa nzima, tukabadilisha mguu, akasimama wimbi la pili.

Nguo. Dera na kanzu hujaa maji na kujisokota miguuni. Kina mama na kina dada wanaojisitiri wavae suruali ya kubana, fulana ndefu ya kuogelea ya mikono mirefu, na hijabu fupi iliyofungwa nyuma isiyo na pini. Kaptula ya jinzi haifai kwa yeyote. Inachubua mapaja na kukaza nyonga.

Bega au goti lenye historia. Kama liliwahi kuteguka, mwambie mwalimu mapema. Kuna njia ya kuinuka kwa hatua mbili, goti la nyuma kwanza kisha mguu wa mbele. Si aibu. Ila goti likigusa ubao lisikae. Ukilizoesha kukaa hapo litakaa.

Toka majini bega likichomoka au goti likifunga na kukataa kunyooka. Usimruhusu mtu wa ufukweni alirudishe kwa kulivuta, hata akisema amefanya hivyo mara nyingi.

## Dalili: Nasimama, naanguka papo hapo

Ukianguka kwa nyuma, umesimama wima mno au uzito uko kwenye mguu wa nyuma. Pinda magoti, sogeza kifua juu ya goti la mbele. Ukianguka ubavuni, nyayo haziko kwenye mstari wa katikati. Ukianguka mbele, umeinama kiunoni badala ya kupinda magoti. Nta inayopakwa juu ya ubao mgumu ikiisha, unateleza. Ubao wa sponji kwa kawaida hauhitaji nta.

## Dalili: Nikitoka najikuta mbali na vitu vyangu

Huu ni mkondo unaokwenda sambamba na ufuo, na kwenye kusi ni jambo la kawaida. Hauui peke yake, lakini unaweza kukupeleka penye mawe au penye mkondo wa kutoka nje, na wewe unajua tu kwamba umechoka.

Wavuvi wetu hupata mwamba usioonekana kwa kuoanisha vitu viwili nchi kavu. Fanya vivyo hivyo. Ile leso kwenye boriti, ioanishe na kitu cha nyuma yake, tuseme mvinje mmoja mrefu. Ukiwa majini, leso na mvinje vikiwa kwenye mstari mmoja, uko mahali pako. Vikiachana, umesogea, toka, tembea mchangani, uingie upya. Kurudi kwa kupiga mikono dhidi ya mkondo ni kumaliza nguvu ulizozilipia. Kila baada ya mawimbi matatu, tazama alama.

## Dalili: Nchi kavu inakuwa ndogo

Hili ni la hatari, na linaanzia kwenye kosa la macho. Mgeni akitazama bahari, anaona mahali mawimbi yanapovunjika na mahali palipo shwari katikati yake, na anaona busara kuingilia pale penye ushwari. Mara nyingi ushwari ule ndio mlango wa mkondo: maji yote yaliyosukumwa ufukweni yanarudi nje kupitia mfereji wenye kina, na kina ndicho kinachozuia wimbi lisivunjike. Dalili zake ni maji yenye rangi nzito zaidi, uso uliojikunja kunja, povu au majani yanayosafiri kwenda nje. Ukiwa na mwalimu, mwambie akuonyeshe mkondo kabla hamjaingia. Akisema hakuna, kaeni dakika kumi mtazame pamoja.

Ukishikwa:

- Baki juu ya ubao. Ubao ni chombo chako. Usivue kamba, usiuache uogelee.
- Usipige mikono kuelekea nchi kavu dhidi ya mkondo. Ukiwa mkali hufika mita 2 kwa sekunde, na hata bingwa wa kuogelea hawezi kushindana nao kwa muda mrefu.
- Elekea pembeni, sambamba na ufuo, kuelekea pale povu linapoonekana. Povu ndilo litakalokurudisha.
- Ukishindwa, kaa tulia juu ya ubao, inua mkono mmoja, upunge. Mkondo hupungua nguvu baada ya mstari wa mawimbi.

Aliye nchi kavu asijitose mikono mitupu. Atafute kitu kinachoelea, hata dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, apige simu, aite wavuvi. Kila mwaka tunasikia habari ya mtu mmoja kwenda kumwokoa mwingine na wote wawili wasirudi.

Na hapa ndipo swali la kuogelea linapokuja. Watu wengi waliokulia pwani hawajui kuogelea, na wanaona haya kusema. Somo la povu hufanyika maji ya kiunoni, kwa hiyo mtu huona hakuna haja. Ipo. Kamba ikikatika, au ukikanyaga shimo la mchanga, kiuno kinakuwa shingo. Kama huwezi kuelea dakika tano na kuogelea mita 50, mwambie mwalimu. Mwalimu mzuri atakuvalisha jaketi la kuelea, atabaki karibu nawe kiasi cha kukushika mkono, na hatapita maji ya kiuno. Asiyejali jibu lako, mwache.

## Dalili: Pumzi imekatika, nimemeza maji, mgongo unauma

Kuchoka baada ya dakika 30 ni kawaida. Pumzika mchangani, kunywa maji, rudi. Somo la saa moja na nusu lenye mapumziko mawili lina faida kuliko saa mbili mfululizo. Ukibiringishwa na wimbi ukaingiwa na hofu, usilazimishwe kurudi mara moja. Kaa hadi moyo utulie, kisha anza upya kwenye povu la magotini.

Toka majini na uende hospitali ikiwa maji yamekuingia kifuani na kikohozi hakikomi, au pumzi inakuwa fupi, kifua kinabana, mtu analegea na kusinzia. Asipelekwe nyumbani kulala.

Mgongo nao una jambo ambalo waalimu wengi hawalisemi. Kukaa kifudifudi ukiwa umeinua kifua kwa muda mrefu kunaukunja mgongo nyuma. Kwa wachache sana, na karibu wote ni watu wa somo la kwanza, damu inayolisha uti wa mgongo hupungua bila pigo lolote. Madaktari wa Hawaii waliieleza hali hii mwaka 2004. Huanza na maumivu ya ghafla ya mgongo wa chini, kisha miguu hufa ganzi au kulegea, na mkojo unaweza kugoma. Ni nadra, lakini inaweza kuacha ulemavu. Kwa hiyo ukisubiri wimbi, keti juu ya ubao au simama chini; usikae umeinua kifua. Maumivu ya misuli ya kesho yake ni kitu kingine. Maumivu ya ghafla yenye ganzi miguuni ni ya kukimbizwa hospitali saa ile ile.

## Dalili: Mwalimu ananisukuma tu somo zima

Umesimama mara kumi na picha ni nzuri, lakini wimbi hata moja hukulipata kwa mikono yako. Sababu ya kawaida si ubaya. Mwalimu amezoea wageni wa siku moja wanaotaka picha. Mwambie waziwazi: "Kaka, nusu ya kwanza nisukume, nusu ya pili niache nipige mwenyewe." Wengi hufurahi kuambiwa.

Sababu nyingine ni kwamba kijana yule anateleza vizuri lakini hajawahi kufundisha. Utamjua kwa maswali asiyouliza. Anayefundisha huuliza kama unaogelea, una ugonjwa gani, uliwahi kuumia wapi, kabla ya kugusa ubao. Mimi mwenyewe somo langu la kwanza nilipewa kamba iliyochakaa. Ilikatika wimbi la nne, ubao ukaenda zake, na aliyenifundisha alikuwa ufukweni akiongea na simu. Tangu siku hiyo naivuta kamba kwa nguvu kabla ya kuingia, nakagua fundo na mkanda wa mguuni, na naangalia urefu wake ukaribiane na urefu wa ubao. Kagua vivyo hivyo, hata kama mwalimu ni ndugu yako.

## Dalili: Ngozi inawaka, mguu umechomwa

Mchubuko wa tumbo na mapaja unatokana na kulala juu ya ubao bila fulana, vaa fulana. Jua la juu ya maji huunguza hata weusi wetu, hasa masikio na nyuma ya magoti.

Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujizika mchangani kwenye maji mafupi. Ukiingia, buruta miguu badala ya kuinua hatua. Atakuhisi na kuondoka. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, kama nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Joto ndilo linalopunguza maumivu. Mwenza wako ajaribu maji kwa mkono wake kwanza, maana wewe kwa maumivu hutajua yanakuunguza. Kisha hospitali, kipande cha mwiba huweza kubaki ndani. Ukichomwa kifuani, tumboni au shingoni, usiuchomoe mwiba. Kimbizwa hivyo hivyo.

Ukiwashwa na konyeza, wale viumbe laini wanaoelea ambao wengine huwaita yavuyavu, suuza ngozi kwa maji ya bahari, si maji baridi ya bomba, na usisugue kwa mchanga. Uso ukivimba au pumzi ikibana, ni hospitali bila kungoja.

Masikio yaliyoziba kwa maji huzibuka yenyewe ukilalia upande. Usichokonoe kwa pamba wala kijiti. Yakipita siku mbili bado yameziba, au yakianza kutoa usaha, nenda ukaangaliwe, na ubao usubiri hadi uambiwe umepona.